Mbona sisi tunaoyalaumu maduka yenye matawi mengi ndio tunaojaza foleni zake?

#1 BintiMakongeni (Thika)

Salaam, wanajukwaa.

Januari 2022, matawi ya KFC nchini Kenya yalipoishiwa vibanzi kwa kuwa shehena ya viazi kutoka ng'ambo ilichelewa njiani, mimi nilikuwa miongoni mwa waliotangaza hadharani kwamba hawatakanyaga tena huko. Niliandika kwa uchungu wa kweli, kwani shangazi yangu analima viazi Kinangop na msimu ule alikuwa ameuza gunia kwa bei ya kutupa. Wiki iliyopita nilikuwa nikipekua daftari langu la matumizi la mwaka ule, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakuta nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "kuku, 1,150". Kati ya tangazo langu na kuku yule zilikuwa zimepita siku 19.

Sizungumzii kampuni moja tu. Ofisini kwetu tuko watu kumi na wawili, na sijasikia hata mmoja akiisifu supamaketi iliyo mkabala na jengo letu. Mkate wake tunausema, foleni yake tunaisema, walinzi wake tunawasema, na saa kumi na moja jioni tunakutana wote kumi na wawili kwenye rafu ya maziwa tukijifanya hatujaonana. Naomba maelezo, si mahubiri.

#2 MhasibuMtulivu (Dar es Salaam)

Ahsante kwa mada, dada. Wachumi wana jibu la siku nyingi. Mwaka 1938 Paul Samuelson alipendekeza kwamba badala ya kumsikiliza mtu akieleza anapenda nini, tutazame anachochagua pale ambapo vingine navyo vilikuwa ndani ya uwezo wake. Kwa kipimo hicho wewe humchukii kuku yule, bali unachukia kuonekana unampenda. Kila anayelalamika kisha akanunua ametoa matamko mawili, na ni moja tu lililomgharimu fedha.

#3 MwalimuMstaafu (Tanga)

Mhasibu, hoja yako imesimama juu ya maneno uliyoyapitia haraka, yaani hayo ya "ndani ya uwezo wake". Daladala niliyopanda kwenda kazini kwa miaka kumi ilikuwa na kiti kilichochanika na kondakta mwenye matusi, nami niliipanda kwa sababu ndiyo iliyopita njia yetu. Kama ungekaa mlangoni ukahesabu abiria, ungeandika kwamba Mwalimu anaipenda.

Duka lenye matawi mengi halihitaji kupendwa. Linakodi kona iliyo karibu na stendi kabla wengine hawajapata mtaji wa kufanya hivyo, linaweka maegesho, na linafungwa saa tatu usiku ilhali soko limefungwa magharibi. Anayetoka kazini saa moja na nusu hana uchaguzi wa kuuonyesha kwa mchumi yeyote.

#4 MkulimaOlKalou (Nyandarua)

Hamjambo. Kabla hamjafika mbali, naomba tunyooshe habari ya viazi.

Walioandika mwaka ule kwamba viazi vilikuwapo tele Nyandarua walisema kweli, na kampuni iliyojibu kwamba haiwezi kununua kwa msambazaji ambaye hajapita katika ukaguzi wao wa kimataifa haikudanganya. Wengi wetu huku tunalima kiazi cha aina ya Shangi. Tunaipenda kwa sababu inakomaa upesi na kuiva haraka jikoni, lakini inachipua mapema mno baada ya kuvunwa, kwa hiyo haivumilii ghala. Kiwanda cha vibanzi vya kugandishwa hutaka kiazi kirefu, chenye maji kidogo na sukari kidogo, ili kisigeuke rangi ya kahawia ndani ya mafuta kabla hakijaiva. Mbegu za aina hiyo zinahitaji mkataba, mtaji na mtu wa kukuhakikishia soko, na hakuna mkulima wa ekari moja atakayezipanda kwa kubahatisha.

Niliwalaumu na bado nawalaumu, maana walifungua Nairobi mwaka 2011, na miaka kumi inatosha kumtafuta mkulima na kumfundisha. Hata hivyo, binti yangu alipohitimu chuo aliomba nimpeleke huko huko. Nilikwenda. Nilichukua kibanzi kimoja, nikakivunja katikati na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kilikuwa kikavu kama unga, na rangi yake ilikuwa moja kutoka ncha hadi ncha. Binti aliniuliza natafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu, nikalipa.

#5 MswahiliReading (Uingereza)

Mkulima, umenifumbua macho. Huku Uingereza, Februari 2018, KFC hiyo hiyo iliishiwa kuku wenyewe baada ya kuhamishia kazi ya usambazaji kwa DHL, na zaidi ya nusu ya matawi yake takriban 900 yakafungwa kwa siku kadhaa. Polisi wa Tower Hamlets, London, walifika mahali pa kuwaomba wananchi mtandaoni wasiwapigie simu kuhusu uhaba wa kuku.

Kazini kwangu kuna jamaa ambaye kwa miaka yote sijamsikia akitamka neno jema kuhusu mikahawa ile. Wiki ile alizunguka mji mzima kwa gari akitafuta tawi lililo wazi. Hapo ndipo nadharia ya Mwalimu ya kona na maegesho inaponipa shida, kwa sababu maduka ya kuku ya watu binafsi yalikuwa wazi, mengine mlango wa pili kutoka tawi lililofungwa. Jamaa hakutaka kuku tu. Alitaka kuku yule yule anayemlaumu.

#6 Kijiweni_Ilala (Dar es Salaam)

Ndugu zetu Wakenya, vibanzi ni vya kuwashia jiko. Kinacholiwa ni chipsi. Baada ya marekebisho hayo, naendelea kufuatilia uzi.

#7 MamaWatatu (Mombasa)

Wenzetu mmejaza ukurasa mzima pasipo kumtaja mtoto wala choo.

Nikishuka mjini na watoto watatu, na wa mwisho ana miaka minne, sijiulizi nani ana kuku mtamu. Najiuliza ni mlango upi nitakaopita bila kusimamishwa, ambao ndani yake kuna maji, sabuni, na komeo linalofunga. Mahali pa nyama choma ninapopapenda mimi, chakula chake ni kitamu mara mbili, lakini ufunguo wa choo umefungwa kwenye kipande cha ubao chenye urefu wa mkono, na unauomba kaunta kwa sauti mbele ya wanywaji. Nimewahi kununua vibanzi vya shilingi mia tatu ambavyo hakuna aliyevigusa. Ile ilikuwa ada ya choo, na sikuona kwamba nimepunjwa.

Mhasibu aniambie, Samuelson wake angeandika kwamba nimechagua nini hapo.

#8 MjukuuWaKariakoo (Dar es Salaam)

Mama Watatu amegusa jambo, nami naongeza jingine linalofanana nalo, nalo ni bei iliyobandikwa.

Mwaka jana nilikwenda kuulizia jiko la gesi la plati mbili katika duka la mtu binafsi. Muuzaji alitazama viatu vyangu kwanza, kisha akasema elfu tisini na tano. Dada yangu alipita pale nusu saa baadaye akiwa amevaa kanga na ndala, akauliza jiko lile lile, akaambiwa elfu sabini, tena kwa tabasamu. Nilikwenda supamaketi, nikalikuta lina karatasi ya elfu themanini na tano, na hapo ndipo niliponunua. Dada ananicheka hadi leo, maana ningeweza kumtuma yeye. Ninajua hesabu vizuri: nililipa elfu kumi na tano zaidi ili mtu asiniangalie miguuni. Baadaye nilipokuwa nikilalamika nyumbani kwamba hawa wenye matawi wanatunyonya, nilikuwa nasema kweli pia.

#9 KaribuTena (Morogoro)

Naunga mkono hoja ya bei. Mfano mzuri ni ile McDonald's ya Nairobi, ambayo kila mtu anaisema kwamba inaharibu vyakula vya asili na bado haina nafasi ya kukaa.

#10 BintiMakongeni

Mkuu KaribuTena, Nairobi hakuna McDonald's. Afrika Kusini wanayo tangu 1995, sisi hatujawahi kuwa nayo.

#11 KaribuTena

Basi itakuwa ni nyingine. Zote zina rangi nyekundu.

#12 Kijiweni_Ilala

Kumbe tunaweza kulaumu hata tawi ambalo halijafunguliwa. Viazi vinachelewa njiani, ila lawama zinafika kwa wakati.

#13 DukaLaKona (Tabata)

Wakuu, mimi ni yule muuza duka mnayemwita Mangi, kama Mchaga, hata akiwa Mkinga.

Dirisha la duka langu linatazama kijiwe cha bodaboda, kwa hiyo naona nani ameshuka na nini. Wateja wangu wanashuka na mifuko yenye nembo, na ndani yake mna sukari, mafuta ya kula na sabuni ya unga, vitu nilivyo navyo hapa vyote. Mfuko wenyewe hautupwi, maana tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, huu wa nembo unakunjwa vizuri na wiki inayofuata unaletwa kwangu kubebea mihogo. Ikifika saa mbili usiku mtoto anatumwa: "Shikamoo. Mama amesema umpe chumvi na kiberiti, atalipa kesho."

Daftari langu la madeni lina majina 43. Wanaosema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba matajiri wa supamaketi wanaua biashara ndogo wako ukurasa wa kwanza. Fedha taslimu inakwenda kule, deni linakuja huku, na pole ndiyo ninayopewa mkononi.

#14 BintiKimara (Dar es Salaam)

Kaka Mangi, nakujibu kwa heshima zote, maana huenda mimi ni mmoja wa hao.

Nikinunua pedi dukani kwako unazifunga kwenye gazeti kwa nia njema, na wanaume watatu walioketi kwenye benchi wananyamaza ghafla kama wamepitiwa na msiba. Nikinunua nusu kilo ya sukari badala ya kilo niliyoizoea, kesho yake jirani ananiuliza kama kazini kwa shemeji kuko salama. Keshia wa supamaketi hajui jina langu, wala hajui wiki iliyopita nilinunua nini. Mnamlaumu kwamba hana utu. Kuna siku ninachokwenda kununua ni huo ukosefu wa utu.

Na kuhusu deni: wiki ninayodaiwa na wewe napita njia ya nyuma, nikiwa na fedha kidogo mkononi ambayo haitoshi kukulipa. Nitaipeleka wapi, kama si kwa watu wasionidai?

#15 DukaLaKona

Benchi nitaliondoa. Deni lipo pale pale.

#16 AliyekuwaKeshia (Arusha)

Nilikaa kwenye mashine ya malipo miaka sita, katika duka ambalo sitalitaja. Kila Ijumaa tulikuwa tunaishiwa sarafu, tukawa tunarudisha chenji kwa pipi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akizipokea bila neno. Siku moja alikuja na kopo la majarini, akalimimina mbele yangu, zikatoka pipi arobaini, akataka alipie mkate. Zilikuwa zimeshaanza kunata. Meneja alikataa, mzee akauliza ni sheria gani inayofanya pipi iwe fedha ikitoka huku na isiwe fedha ikirudi, na foleni nzima ikampigia makofi. Kuna mama aliyeapa mbele ya watu kwamba hatarudi tena.

Jumamosi iliyofuata yule mama alikuwa kwenye foleni yangu, na mzee alikuwa wa tatu nyuma yake. Nilimuuliza mzee kwa utani kwa nini amerudi. Alinijibu kwamba pensheni yake anaichukua benki iliyo jengo hilo hilo, na kwamba akienda kwingine itabidi aanze upya kujua ni nani wa kugombana naye. Sijui jibu hilo litaingia upande wa Mhasibu au wa Mwalimu.

#17 MhasibuMtulivu

Nusu ya kwanza ni ya Mwalimu, nakiri. Nusu ya pili sijui ni ya nani.

Hata hivyo naomba tutazame upande mwingine, yaani ni nini hasa kinachowafanya watu waache. Nilikuwa Nairobi kikazi supamaketi ya Nakumatt ilipokuwa na nguvu, na kila niliyekaa naye mezani alisema ni ghali na inajidai. Mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite huku kwetu, na maneno yakawa hayo hayo. Lawama zote hizo hazikuwahi kuondoa foleni. Kilichowaondoa wateja ni rafu tupu za mwaka 2017, wakati wasambazaji waliokuwa hawajalipwa walipoacha kupeleka bidhaa. Kisha wale wale waliokuwa wakiilaumu wakaanza kuikumbuka kwa huzuni. Kwa maoni yangu lawama ni kelele ya mashine inayofanya kazi, na mwenye duka anapaswa kuogopa siku ambayo hakuna anayelalamika.

#18 MzeeWaGodauni (Nairobi)

Mhasibu, naongezea kidogo: Nakumatt ilianzia kwenye magodoro, Nakuru, na ndiko jina lilikotoka.

Lakini mnawasema wanunuzi peke yao, ilhali sisi wasambazaji tuna ugonjwa huo huo. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitangaza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 dhidi ya Majid Al Futtaim, inayoendesha Carrefour nchini, kwa kutumia vibaya nguvu yake kama mnunuzi dhidi ya wasambazaji wawili. Habari ile ilipotoka, godauni letu lote lilishangilia, na hakuna aliyesema kwamba sasa ataacha kutafuta nafasi kwenye rafu za maduka makubwa.

Mimi nauza achari kwa duka kubwa jingine kabisa, ambalo jina lake nitabaki nalo. Wananilipa baada ya siku tisini, chupa isiyouzika inanirudia, na kila Desemba natakiwa nichangie punguzo ambalo mteja anadhani wametoa wao. Kila mwisho wa mwezi nawalaani, na kila Jumatatu alfajiri napakia gari. Vibanda sitini vikichukua chupa mbili mbili, navyo vinalipa siku hiyo hiyo, havifikii oda yao moja. Tena kibanda kikiona achari yangu haipo supamaketi, mwenyewe anauliza kama imepigwa marufuku.

#19 MwalimuMstaafu

Hilo la mwisho la Mzee linanirudisha kwenye jambo nililotaka kusema tangu juzi.

Tumekuwa tukichukulia kwamba maneno na manunuzi yanapingana, kana kwamba yote mawili yameelekezwa kwa mtu mmoja. Mimi nadhani yana wasikilizaji tofauti. Barazani kwetu, mtu akiisifu supamaketi anaonekana anatangaza kwamba ana fedha ya kuingia huko kila siku, na kuilaumu ni namna ya kusema "mimi ni mwenzenu, bei imeniuma kama ilivyowauma ninyi". Ni adabu, kama vile mwenyeji anavyomwambia mgeni "karibu, chakula chenyewe si kitu" ilhali amechinja. Maneno ni ya jirani, fedha ni ya keshia. BintiMakongeni alipoandika Januari ile alikuwa anazungumza na shangazi yake wa Kinangop, na kwa kipimo hicho hakuvunja ahadi yoyote aliyompa kuku.

#20 MamaWatatu

Mwalimu, bado hujataja choo.

#21 MkulimaOlKalou

Mwalimu, mfano wa mgeni ni mzuri, lakini shangazi yule angependa zaidi gunia lake linunuliwe kuliko kuonewa huruma kwa adabu. Adabu ya jirani haijawahi kunisaidia kununua mbolea.

#22 BintiMakongeni

Shukrani kwa wote. Shangazi amesomewa uzi huu kwa simu, naye amesema Mkulima asemewe zaidi.

Nina swali moja kwa DukaLaKona. Wewe mwenyewe, uliye dirishani ukituhesabu mifuko, hununui huko?

#23 DukaLaKona

Nilijua tutafika hapa, na nimefikiria kwa siku mbili kama nijibu.

Nanunua, tena kuliko ninyi. Wakiweka ofa ya sukari au ya mafuta ya lita tatu, bei yao huwa chini ya ile ninayopewa na muuzaji wa jumla, na siingii gharama ya kuleta mzigo kutoka Kariakoo. Naileta hapa, naifungua, naipima kwa nusu na robo. Kwa hiyo yule anayekuja kwangu akisema hataki kumtajirisha tajiri anakoroga sukari ya tajiri yule yule, ila hajui, na leo ndiyo mara ya kwanza ninaisema.

Kuwalaumu nawalaumu, na nina sababu. Wamebandika karatasi kwenye rafu kwamba mwisho ni paketi tatu kwa kila mteja, na mlinzi wa mlangoni ameshaishika sura yangu. Siku hizi nakwenda na wanangu wawili. Kila mmoja anabeba tatu zake na kupanga foleni yake, na yule mdogo nimemkataza asiniite baba mpaka tufike nje.